Matanga ya Shefu Wangu

Ofisini kwetu Goma, seva moja inatuma mesaji za matanga kwa wakaaji wa mtaa wa Mabanga. Ya pili ni ya majaribio, inaandikia simu mbili tu: yangu na ya shefu, Papa Justin. Kwa mesaji hizo za majaribio marehemu ni yeye kila siku, matanga hapa ofisini, mwenyewe alikubali.

Juzi nililinganisha mipangilio ya seva zote mbili, nikakuta mstari mmoja haufanani: orodha ya namba. Mimi mujuaji nikausawazisha kwenye seva ya majaribio ufanane na ule wa kwanza, bila kuuliza, nikatuma mesaji ya kujaribu. Papa Justin akaona mesaji yake, akacheka. Mimi nikaona hesabu ya zilizotumwa ikipanda tu. Nusu saa nzima nikatafuta namna ya kuzirudisha kabla hajajua.

Kilio kikaingia uani: wamama, vitenge kiunoni, makala ya kupikia kichwani. Papa Justin akawafungulia mulango.

"Poleni, wamama. Ni nani amekufa?"