Koleo la Sebuleni kwa Shangazi

Arobaini ya baba haijafika, shangazi yangu alikuja nyumbani kwetu na kirikuu mbili. Akapakia makochi, vitanda, kabati la vyombo, masufuria makubwa, mpaka mapazia. Alisema kila kitu ni mali ya ukoo na mjane hana chake. Mama akahamia chumba cha kupanga Misunkumilo, akatandika mkeka. Sijamsamehe shangazi, wala sijajaribu.

Kwenye mzigo ule kulikuwa na koleo kubwa la chuma lenye mikono mirefu, limepakwa grisi na kuviringishwa kwenye kipande cha khanga. Shangazi hakulijua. Amekulia mjini, akaolewa na mwenye duka pale Kashaulili, na zizi la ng'ombe hajawahi kulisogelea. Akalipiga picha, akaituma kwenye grupu la ukoo: "Nani anajua hiki ni nini?" Majibu yakamiminika. Mmoja akasema ni kitu cha Mjerumani cha kuvunjia kufuli. Mwingine, cha kukamulia karanga. Binamu yetu wa Dodoma, anayejua kila kitu, akaapa kwamba ni silaha ya walinzi wa mtemi. Hilo ndilo lililompendeza shangazi. Tangu siku hiyo babu yetu akawa mlinzi wa mtemi, na koleo likatundikwa sebuleni, liwe ushahidi kwamba alichobeba kilikuwa cha ukoo tangu zamani.

Mimi nililijua. Baba alizunguka nalo kwenye maboma ya wafugaji kule Kabungu miaka mingi. Unalibana juu ya korodani za dume la ng'ombe, mishipa inakatika ndani kwa ndani bila tone la damu, na dume linatulia, linakuwa maksai wa kulima. Kazi hiyo shangazi aliionea kinyaa, hakutaka hata kusikia kaka yake anaifanyaje. Kwenye grupu nikaweka alama ya moyo mwekundu, nikanyamaza.

"Mwambie mapema, asije akaaibika," mama aliniambia.

Nikamjibu kwamba hiyo aibu ndiyo ninayoisubiri.

Binti wa shangazi alipoposwa na kijana wa Kisukuma, nilikuwa wa kwanza kujitolea kupika. Wazee wa upande wa kijana walitoka Kabungu, wakaja naye mwenyewe, na shangazi akamkalisha mahali pa heshima, chini ya koleo kabisa. Wazee wakaangaliana. Kijana akainua macho, akaliona, akabana mapaja. Nusura niangushe sinia la soda.

"Hicho," shangazi akasema kwa maringo, "ndicho kilichomfanya baba yetu aogopwe na wanaume wote."

"Tunaamini, mama," mshenga wao akajibu, na sebule nzima ikaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, maskini, bila kujua anacheka nini.

Mzee mmoja hakucheka. Aliinuka, akalishika koleo, akaligeuzageuza.

"Hii koleo naijua," akasema. "Imehasi madume yangu yote. Mwenyewe alikuwa anakuja na mke wake, na yule mama ndiye alikuwa anafunga kamba miguuni. Hodari kweli. Nyie mmeipata wapi?"

Shangazi akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba. Niliyaona vizuri, na nilifurahi mpaka kwenye mifupa.

"Ilikuwa ya marehemu baba," nikasema. "Ilichukuliwa kwa mama yangu, pamoja na hayo makochi mliyokalia. Mama yupo Misunkumilo, analala chini."

Hakuna aliyegusa soda yake tena. Mzee akarudi kukaa, akasema habari ya ng'ombe wa mahari haitazungumzwa mpaka mke wa yule fundi aje akae nao. Shangazi akapiga simu mwenyewe, mbele za watu. "Wifi," akasema kwa sauti nyembamba, "tunakuomba uje."

Mama alifika kwa bajaji, amevaa khanga zake za kila siku. Wazee wakasimama kumsalimia. Akaitikia, akaenda kukaa kwenye kochi lake. Pilau ilipokuwa tayari, nilimkabidhi shangazi sinia na upawa, nikasogea pembeni nione vizuri. Akampakulia mama kwa mkono wake, kichwa chini. Mama akaitazama ile sahani, kisha akamtazama yeye.

"Ongeza nyama," akasema.