Maua ya Hopsi Bandani kwa Kuku

Mwanakhamisi anauza viungo sokoni Iringa, na mteja anayeminyaminya tangawizi yake bila kununua hamsahau. Mwaka jana mpwa wake aliyeko ughaibuni alimtumia pakiti ya maua makavu ya hopsi, yale yanayoipa bia uchungu, akidai yana kitu kiitwacho zanthohumoli kinachoshusha sukari mwilini. Mambo ya bia hayaingii nyumba ya mtu anayeswali, kwa hiyo pakiti aliiweka bandani kwa kuku. Kisha akaenda kumuuliza Hetal, jirani yake mwenye duka la dawa, kama kuyachemsha ni dhambi.

"Hilo kawaulize mashehe, mama," Hetal alisema. "Ninachojua, kitu hicho kimeonyesha dalili nzuri kwa panya wa maabara. Kwa binadamu bado wanachunguza. Vidonge vyako vya kisukari unameza?"

Mwanakhamisi akakiri ukweli. Alikuwa ameviacha, sasa siku ya nne, ili mwili uwe mtupu kabla ya dawa mpya, kama anavyowaelekeza wateja wake. Dawa ya zamani hana, mpya ipo kwa kuku.

Hetal alimpima sukari, akaikuta juu mno, akafunga duka mchana kweupe, akampeleka hospitali mwenyewe.

Diwali, sikukuu ya Wahindu, ilipofika, Hetal alimpa kila jirani boksi la ladu na barfi, vitamu vya Kihindi vilivyojaa sukari. La Mwanakhamisi lilijaa korosho tupu. Wenzake sokoni wakamwonea huruma.

"Nyie kuleni sukari yenu," aliwaambia, akilivuta boksi kifuani. "Mimi kuna mtu anataka niione Diwali ijayo."