Gauni la Manjano Nililompokonya Mtoto wa Nakivale

Nichekeni tu, wenzangu, ila mcheke taratibu, maana hiki kisa nimekikalia miaka yote hii na nikikikumbuka uso bado unaniwaka: mimi, mke wa muuza vitambaa, mama wa msikitini, mwenye mdomo wa kufundisha wenzake, nilimvua mtoto wa mkimbizi nguo mbele ya watu, imebaki siku moja tu Idd ifike, tena nimefunga.

Ilikuwa miaka ya themanini, mwaka ule wakimbizi wapya walipojaa kambi ya Nakivale. Kila mfungo ukikaribia kwisha baba watoto alikuwa anapima pishi zake za mchele wa fitri, moja kwa kila kichwa nyumbani, anapeleka kimya kimya, yamekwisha. Mimi nikaona aa, watoto watajifunza nini hapo? Nikaamua mwaka huo watatoa kwa mikono yao wenyewe, kule kule Nakivale, waonje furaha ya kutoa. Hilo tu, uamuzi mdogo. Lakini mnanijua, kwangu jambo dogo halikai dogo: nikawaambia kina mama wenzangu wa mtaa wetu wa Ruti, nao wakaleta watoto wao, tukapata pikapu, tukamwomba kiongozi wa kule atupangie watoto mstari (mstari, banange, kama wanangojea sindano!). Mume wangu akaniangalia hivi, akasema, "Mama Hawa, hii ni sadaka au harusi?" Nikamwambia aniachie mambo ya watoto.

Hilo jina la Mama Hawa lenyewe lilikuwa jipya. Zamani nilikuwa Mama Zaituni. Zaituni, mkubwa wangu, alifariki mwaka uliotangulia kwa surua, siku tisa kabla ya Idd, na baada ya matanga watu wakahamia jina la mdogo wake bila kuniuliza. Gauni lake la sikukuu nilikuwa nimeshalimaliza, la manjano, na lesi shingoni, nimelishona kwa cherehani yangu. Hakulivaa hata mara moja. Nililificha kwenye sanduku la bati chini ya mablanketi, na nikibaki peke yangu nalitoa, nalinusa, nalikunja upya, nalirudisha. Nilidhani hakuna anayejua.

Basi, siku mbili kabla ya safari nikawakalisha watoto mkekani nikawahubiria vizuri sana. Nikasema, "Msiniletee nguo zilizochanika. Kila mtu atoe kitu anachokipenda, kile ambacho akikitoa moyo unauma, halafu ataona furaha inavyokuja." Hawa, miaka saba, akauliza, "Na wewe mama utatoa nini?" Nikacheka. Nikamwambia mimi natoa mchele. Akaniangalia.

Tulipita Rwekubo vumbi limetujaa mpaka kwenye kope, koo limekauka, tukafika Nakivale jua limekaza. Watoto wao wamepangwa kweli, kama arobaini hivi, na wazazi wao wamesimama pembeni wanatuangalia. Nikatoa hotuba (ndiyo, nilitoa hotuba, mtu mzima mimi). Kisha watoto wetu wakaanza kuitwa mmoja mmoja, huyu anatoa viatu, yule anatoa mpira, kina mama wanapiga vigelegele, na mimi nimeinama kwenye gunia napima mchele, nimefurahi kweli kweli, najisemea moyoni tazama kazi yako.

Nikasikia Hawa anaitwa. Nikainua kichwa nione mwanangu anatoa nini. Msichana wa kimo chake alikuwa ameshalivaa juu ya nguo zake kuukuu, anajizungusha, anacheka. La manjano. Na lesi shingoni.

Sijui pishi niliitupa wapi. Najua nilikanyaga mchele wa sadaka kwa viatu vyangu, nikamfikia yule mtoto nikamshika bega, napiga kelele, "Vua! Vua hilo! Vua sasa hivi!" Mtoto kaganda. Nikavuta mwenyewe, mkono wa gauni ukachanika, vigelegele vikakatika. Na kama hiyo haitoshi, kiongozi wao akaja mbio akidhani nimemkamata mwizi, akamchapa yule msichana kofi, "Umetoa wapi nguo ya mama?" Na mimi, Mungu anisamehe, sikusema kitu. Nilikuwa nalikumbatia gauni.

Bibi yake akatoka kwenye watu, kizee chembamba, akamvuta mjukuu wake nyuma yake. Hakupiga kelele. Akasema, "Mama, nguo yako umechukua. Sawa. Lakini mutoto yangu hapana iba. Alipewa."

Nikamgeukia Hawa, "Kwa nini? Nani alikutuma?" Alikuwa analia mpaka kamasi. Akasema, "Wewe ulitoa mchele tu. Mchele hauumi. Ulisema mtu akitoa anachokipenda anapata furaha, na wewe tangu Zaituni huna furaha, nikakutolea."

Mngekuwa mimi mngelirudisha, eh? Kila ninayemsimulia ananiambia angelirudisha pale pale. Mimi sikuweza. Mikono ilikataa. Nilipanda pikapu nalo kifuani, na nilipogeuka nyuma nikamwona yule bibi amechuchumaa na mjukuu wake wanaokota mchele kwenye vumbi, punje moja moja. Baada ya Idd nilishona ule mkono, nikajiambia wiki hii nitalipeleka na kumwomba msamaha yule mtoto. Wiki zikapita. Lipo sandukuni mpaka leo, na jina la yule msichana sikuwahi hata kuliuliza.

Tangu hapo sijampanga mtu mstari, wala sijamhubiria mtoto habari za kutoa. Fitri anapeleka baba yao, kimya kimya kama zamani.

Ila lililonimaliza lilikuja Idd kubwa. Nilimpa Hawa sahani ya nyama ampelekee jirani yetu mjane. Akasimama mlangoni, sahani mikononi, hatoki. Nikamwambia, "Nenda, itapoa."

Akasema, "Mama, nikishampa, hutakuja kuichukua?"

Nikamwambia sitakuja.

"Apa kwanza."

Nikaapa, ndipo akatoka.