Doa ya Mawese kwenye Pazia ya Shemasi

Bibi yangu Gertrude, mama ya Claire wetu, alifua mapazia ya watu hapa Likasi miaka makumi tatu. Ni miezi minane sasa amelala kaburini. Watu wanakuja kunipa pole, wanasema alikuwa mama mpole. Minye, bwana wake, ninapokea pole. Mpole hakuwa.

Nguo za mwili alikataa. Nguo, alisema, kila mtu anaweza kufua. Pazia inataka akili. Hapa vumbi ni ya mawe ya shaba, inapita hata mlango ukifungwa. Ukiitia pazia majini bila kuipiga, vumbi inageuka matope ndani ya nyuzi na haitoki tena. Basi yeye aliipiga kwanza na fimbo, nje, upepo ukiwa mgongoni. Halafu maji baridi. Halafu sabuni, bila kusugua. Hakukamua. Aliitundika ikidondoka, uzito wa maji uinyooshe.

Na alisoma. Karatasi hapana, sisi wawili hatukuona shule. Alisoma mapazia. Uchafu wa vidole chini kabisa: nyumba iko na mtoto anayejifunza kusimama. Alama ya kiganja pembeni, urefu wa mtu mzima: mama wa pale anachungulia majirani. Alirudi nyumbani, akanieleza, tukacheka. Nje, mdomo ulifungwa. Mfuaji anayesema ya nyumba za watu, kesho hapati mlango wa kubisha.

Mwaka mmoja shemasi Évariste, mwenye depo ya simenti, alitangaza kanisani kwamba nyumba yake yote itafunga siku makumi mbili na moja. Mchana maji tu, jioni kikombe cha uji. Nyumba yote ilikuwa yeye, bibi yake Henriette, na Elikia wa miezi minne. Elikia hakufunga. Lakini aliyemnyonyesha alifunga.

Siku ya tisa Henriette alimwita Gertrude afue mapazia ya nyumba nzima, maana siku ya mwisho wachungaji watakuja kuomba pale. Shemasi alikuwa depo. Gertrude akakuta mtoto analia, Henriette anamgeuza ziwa hili, ziwa lile, hakuna kitu. Akamwambia ale. Henriette akajibu kwamba bwana wake naye amefunga, na anavumilia kumshinda. Yeye atakuwaje wa kwanza kuanguka?

Gertrude akashusha mapazia mwenyewe, akarudi na mafurushi mawili kwenye baiskeli. Akafungua pazia ya biro, chumba ambamo shemasi alijifungia kila siku saa sita mchana aombe peke yake. Akaitazama. Akainusa. Akaniita.

Vidole vinne na dole gumba, kwa mafuta ya mawese, nyekundu bado. Urefu wa mtu aliyekaa kwenye kiti. Na harufu ya makayabu, samaki ya chumvi.

"Baba Claire," akaniambia, "maombi ya shemasi iko na pilipili."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anafikiri ziwa la Henriette. Kumwambia hakuweza: angevunja nyumba ya mwenzake, na kazi yake pia.

Sasa, doa ya mawese haitaki nguvu. Unaifua, unaianika, jua lenyewe linakula ile rangi. Kila mama anajua. Wanaume hawajui. Gertrude akafua yote, akayaanika juani. Ile ya biro akaitundika barazani, kivulini.

Na dirisha la biro linatazama robine, bomba la maji la mtaa, pale wamama wanapanga bidoni zao tangu asubuhi. Bila pazia, shemasi akipeleka mkono mdomoni, wamama kumi na tano wanahesabu matonge.

Siku ya kumi shemasi akapita kuuliza kama rido, yale mapazia yake, zimekauka. Gertrude akasema bado, kitambaa ni kizito. Ilikuwa mwezi wa saba, upepo mkavu, shati ilikauka kabla hujamaliza kuitandaza. Shemasi akatazama jua. Akaenda.

Siku ya kumi na moja akarudi, midomo myeupe. Nikampa kiti. Nilikuwa ninakula muhogo na karanga. Nikamwomba msamaha kwamba sitamkaribisha, najua amefunga. Akameza mate. Nikatafuna polepole.

Siku ya kumi na mbili hakutaka kiti.

"Mama Claire, unipe ile ya biro tu. Hata mbichi."

Gertrude akaileta, akaifungua mbele yake.

"Baba shemasi, hii ndiyo inanichelewesha. Nimefula mara tatu, mawese inakataa. Vidole ni vya muntu mukubwa, na nyumba yote imefunga, sasa nitamushitaki nani? Nilitaka nimuulize Mama Elikia."

Nilitazama ndani ya kikombe changu.

"Usimuulize," shemasi akasema.

"Basi nitairudisha hivi hivi. Labda hataiona. Njaa inafunga macho. Mutoto naye, maziwa imekauka. Lakini ile ni mambo ya Mungu na weye."

Shemasi akakaa. Akapangusa uso. Halafu akasema polepole kwamba alfajiri ile, akiomba, alipata neno: mama anayenyonyesha asifunge. Alikuwa anatafuta nafasi ya kulisema.

"Ni neno nzuri," Gertrude akamwambia. "Ulifikishe saa hii."

Akaenda, karibu akimbie. Gertrude akaitoa pazia barazani, akaianika juani.

Kesho yake tukapeleka mapazia, minye nikibeba ngazi. Henriette alikuwa na sahani ya bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, Elikia kwenye ziwa. Hakutusalimu, mdomo ulijaa. Gertrude akatundika sebuleni, akatundika vyumbani. Shemasi alitufuata dirisha kwa dirisha, mpaka tukafika biro. Furushi lilikuwa tupu.

Gertrude akamwomba avumilie. Ile doa, akasema, inataka jua kidogo bado, na yeye ni mtu wa maombi, ataelewa.

Pazia ya biro ilikuwa kabatini kwetu, safi, imepigwa pasi, chini ya mashuka. Ilirudi siku ya makumi mbili na moja, asubuhi. Shemasi alikuwa amekonda. Wachungaji walimsifu sana.