Mstari wa Mwaka wa Kwanza

Ofisini walimwita Mama Mstari, na jina lilimkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuchora mipaka ya barafu. Setilaiti ilipita juu ya mlima ikapiga picha, naye akaifungua kwenye kompyuta na kusogeza kipanya polepole kufuata ukingo wa barafu, nukta kwa nukta, kila nukta mita thelathini za ardhi. Mwaka hadi mwaka mistari ilizidi kupanda kuelekea kileleni, mmoja ndani ya mwingine.

Hakuwa na mzaha na kazi hiyo. Aliyesogea mezani kwake na kikombe cha chai alifukuzwa kama kuku. Na kanuni yake aliirudia mpaka wenzake wakaiota: "Chora barafu, usichore theluji!" Theluji mpya hufunika barafu na mawe pamoja, na kutoka angani vyote ni weupe mmoja. Ndiyo maana picha huchaguliwa za mwisho wa kiangazi.

Zilipobaki wiki tatu astaafu, ofisi ikiandaa ripoti ya miaka ishirini, aliombwa apitie mistari yote. Wa kwanza, ambao hesabu zote zilianzia hapo, aliuchora yeye. Alifungua picha ile, akasoma tarehe, akaduwaa.

Tarehe ile hakuhitaji kalenda kuikumbuka. Siku mbili kabla yake walimzika mama yake. Mvua isiyo ya msimu ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, ikakatika jioni ya mazishi. Mvua ya bondeni ni theluji ya kileleni. Wiki ile ile alirudi kazini macho yamevimba, hakutaka pole ya mtu, akapewa picha achore, akachora. Sasa alipoikuza aliona weupe umeshuka hadi kwenye miamba ambayo picha za wiki zilizotangulia zilionyesha mikavu kabisa. Miaka yote akiwakaripia wengine, kumbe nyani haoni kundule.

Alichora haraka haraka mstari mwingine kwa picha ya kabla ya mvua. Walikuwa wametangaza kwamba katika kila sehemu mia za barafu, hamsini na tatu zimepotea. Ikatoka arobaini na moja. Barafu iliyobaki leo ilikuwa ile ile, haikuongezeka hata kipande; ya mwanzo ndiyo iliyokuwa imezidishwa.

Angeweza kunyamaza. Wiki tatu si nyingi, na heshima yake yote ilikuwa kwenye mistari ile. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Akapiga moyo konde, akaenda kwa mkuu wa ofisi.

"Mkuu, ripoti isitoke. Mstari wa kwanza ni wangu, na ni mbovu. Nilichora theluji."

Mkuu, mdogo wake kwa miaka minane, ndiye aliyekuwa mkaguzi wa michoro wakati ule. Hakushtuka, na hilo ndilo lililomshtua Mama Mstari.

"Najua, dada."

"Unajua nini?"

"Niliona siku ile ile. Nilikuwa nimesikia una msiba. Nikasema, nitamrudishiaje kazi mtu aliyetoka kumzika mama yake? Nikaipitisha, nikijiambia tutarekebisha baadaye. Halafu hesabu zikachapishwa, nikaogopa."

Hasira zilimpanda Mama Mstari. Angekaripiwa siku ile, angelia saa moja, yakaisha.

"Huruma gani hiyo? Umeniacha nifundishe watu nikiwa na kosa langu miaka ishirini!"

"Nisamehe, dada."

Mama Mstari alikaa kwenye kiti cha wageni akalia, akimlilia mama yake na mstari wake kwa pamoja, na Mkuu akawa anatazama viatu vyake. Alipotulia, Mkuu alisema kwa sauti ya chini, "Tuandike ni marekebisho ya ofisi. Jina lako lisitajwe."

"Litajwe."

Akaandika mwenyewe kwenye karatasi ya marekebisho: aliyechora, na jina lake. Mkuu akachukua kalamu na kuandika chini yake: aliyekagua, na la kwake.

Walirudi pamoja kwenye meza yake. Mama Mstari akafungua picha ya kabla ya mvua, akafuta mchoro wake wa haraka.

"Vuta kiti," alimwambia. "Na safari hii unikague kweli."