Daktari wa Samaki wa Mawe

Samaki wa kwanza alikufa Jumatatu, na Mama Léocadie hakushtuka. Katika nyumba ya samaki, samaki hufa. Jumanne walikufa wanne. Hapo ndipo alipoacha kuangalia samaki, akaanza kuangalia watu.

Nyumba yenyewe iko Kalundu, upande wa bandari ya Uvira. Ina tanki kumi za kioo, na ndani yake samaki wadogo wa rangi ambao wapiga mbizi huwatoa katikati ya mawe ya ziwa. Hawaliwi. Wanavushwa mpaka Bujumbura, wanapandishwa ndege, wanaenda kukaa katika vioo vya Ulaya waangaliwe tu. Baba yake Léocadie, mvuvi wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, alikufa bila kuliamini jambo hilo. "Samaki wa kuangalia?" alikuwa akisema. "Na bukari yao wanaiangalia pia, hawaili?"

Léocadie alimaliza darasa la sita kwa masista, akaolewa, akafiwa, akalea watoto wanne kwa beseni la ndagala kichwani. Sasa ni mwaka wa kumi na saba akiwa ndiye anayejua nani mgonjwa katika zile tanki. Hakusomea. Huvuta kiti chake kifupi, hukaa mbele ya kioo, hunyamaza. Samaki anayejikuna kwenye mawe ana wadudu wa ngozi. Anayebana mapezi kama mtu aliyenyeshewa, ana homa yake. Wote wakipanda juu kutafuta pumzi, basi mgonjwa ni maji. Hatungimana, kijana mwenye nyumba ile, humwita daktari, naye hulipokea jina hilo bila kucheka, maana amelifanyia kazi.

Safari hii wagonjwa walitema chakula. Walijitenga pembeni, rangi ikawa nyeusi, matumbo yakavimba, na kinyesi cheupe kikawaning'inia kama uzi. Wote walikuwa samaki wa mawe, wa tanki la tano na la sita, ambao wangesafiri Ijumaa iliyopita. Lakini mpaka wa Kavimvira, wa kuingia Burundi, ulifungwa asubuhi hiyohiyo, wakabaki.

"Iko muntu anatuulia samaki," Hatungimana alisema. "Mama, weye njo daktari. Siku mpaka itafunguka, unipe jina. Huyo muntu atarudi kwao."

Jina, Léocadie alikuwa nalo tayari. Lilikuwa la Nyiramana, msichana anayesugua tanki, aliyeshuka kutoka milima ya Mulenge miezi mitatu nyuma. Kazi hiyo ndiyo iliyowaweka mjini yeye, mama yake na wadogo zake wawili. Bila hiyo hawakuwa na pa kushika. Lakini alikuwa anafika mapema mno. Alikuwa haongei. Tena watu wa mlimani na samaki, wapi na wapi?

Jumatano Léocadie akapitisha kidole kwenye ukingo wa tanki la tano, akaonja. Chumvi.

"Minye nilimuona," alisema Onesphore, mlinzi wa mlango. "Anatoa chumvi mu mufuko, anatupa mu maji, kisha anaongea na samaki."

"Anasema nini?"

"Kinyamulenge. Minye nasikia? Labda anabahubiria, batubu."

Léocadie hakucheka. Akamwita msichana.

"Ile chumvi ni ya nini?"

"Mama, kwetu ng'ombe ikikataa majani tunaipa chumvi. Ikilamba, inarudilia kula."

"Hizi umeziona na pembe?"

Nyiramana akainamisha macho. "Hapana, mama. Lakini niliona ziko nateseka."

"Uliweka mu tanki gani?"

"Ya tatu, zisigonjwe nazo, kisha ya tano."

"Na ya sita?"

"Nilipofika ku ya sita, chumvi ilikuwa imeisha."

Amekiri mwenyewe, Léocadie akawaza, akaenda moja kwa moja mpaka mlango wa Hatungimana. Alikuwa ameinua mkono kubisha alipousikia moyo wake ukihesabu. Tanki la sita halikutiwa chumvi, nalo lilikuwa limetoa maiti saba. La tatu lilitiwa, lina samaki wa mawe wa aina ileile, na hakuna hata mmoja aliyekohoa. Akaushusha mkono.

Akachukua maiti mmoja wa tanki la sita, akampasua kwa wembe. Samaki wa mawe hukwangua ukoga wa kijani kwenye mawe mchana kutwa. Utumbo wake ni mrefu, umejizungusha kama kamba, na ndani yake ni kijani kama sombe ya majani ya muhogo. Huyu utumbo wake ulikuwa mwekundu, na ndani mlikuwa na uji wa kijivu wenye vijicho vyeusi, vidogo kama mbegu za lengalenga.

Macho ya ndagala. Chakula cha samaki wala nyama, kinachoozea tumboni mwa samaki wa mawe. Yeye mwenyewe alikuwa amewakataza wafanyakazi wote kuwapa.

"Onesphore! Unapatia samaki chakula yako?"

"Mama, chakula yangu hainitoshe minye mwenyewe! Ndagala ya hii nyumba iko mu sanduku, na ufunguo iko ku shingo yako."

Léocadie akaushika ufunguo. Ulikuwa palepale.

Ndipo akaikumbuka Alhamisi. Kwao msafiri haondoki na majani matupu tumboni. Mama mkwe wake hakumruhusu mtu kuvuka kwenda Bujumbura bila kumpa samaki, hata kama ni kipande cha mkia. Na samaki wa safari hulazwa njaa siku nzima, wasichafue maji ya mifuko yao. Kwa hiyo, kabla ya njaa hiyo, kila safari, Léocadie huwatupia finyo moja ya ndagala iliyotwangwa. Huwa wanaigombania kwa furaha. Ni kuwaaga tu. Finyo moja itamuua nani? Mbona wote huondoka wazima?

Huondoka kesho yake, kabla ya ugonjwa kuonekana. Na kila mara ujumbe ulipotoka Ulaya kwamba wamefika, wamekaa wiki, wamekufa, alisema wazungu hawajui kulea.

Akakaa kwenye kiti chake kifupi. Jina la msichana bado lingefaa. Onesphore angeapa. Hatungimana angeamini. Kalundu nzima hapakuwa na mtu wa kumsemea Nyiramana.

Jumamosi mpaka ukafunguka. Nyiramana alisimama mlangoni na burashi mkononi. Kifurushi cha nguo zake kilikuwa kimefungwa tayari, miguuni pake.

"Jina, mama?" Hatungimana akauliza.

"Léocadie."

"Sikukuuliza jina yako."

"Na minye nimesikia ulichouliza."

Akamweleza yote, kwa kusimama.

"Miaka kumi na saba?"

"Kumi na saba."

"Na zile ujumbe za Ulaya?"

"Zilikuwa zinasema kweli."

Hatungimana akanyoosha mkono. Léocadie akavua ufunguo, akampa. Kijana akaugeuzageuza, kisha akamtupia Nyiramana. "Sanduku utafungua weye. Na weye mama, rudi ku kiti yako. Bagonjwa bako nangojea."

Léocadie akawanyima wagonjwa chakula, akawabadilishia maji ya ziwa asubuhi na jioni. Walipona ishirini na watatu.

Siku ya safari yao hakuwapa kitu. Lakini mikono ilikataa kutulia. Akasonga bukari, akakaanga samaki kuhe, akafunga, akampelekea dereva wa gari lao. Dereva, aliyekuwa amekwisha kusikia habari, akafungua, akanusa.

"Mama, ju ya nini unanipa hii?"

"Kula. Weye si samaki wa mawe."