Namba Iliyozunguka Sebule

Kwa heshima na taadhima, mtaa mzima unatangaziwa kwamba namba iliyoandikwa kwa chaki ukutani sebuleni kwa jirani yangu, mwalimu wa hesabu, imechunguzwa na kubainika kuwa si namba tasa. Inagawanyika kwa namba nyingine, si kwa moja na yenyewe tu. Inaanzia mlangoni, inapita nyuma ya kochi, inakata kona na kuishia na saba juu ya swichi ya taa. Kila jioni mwalimu huipapasa kwa kidole kama daktari anayetafuta jipu, ananong'ona, anapuliza chaki, anairudia. Mkewe alishampa sharti: siku akijua kama ni tasa au si tasa, ukuta unapakwa rangi, maana Jumamosi wanakuja wakwe wa binti yao, na hawezi kuwakaribisha ndani ya mtihani.

Leo mchana nilisikia kelele, nikaruka ua. Mwalimu alikuwa akicheza na kandambili moja mguuni. "Nimeipima, jirani. Ingekuwa tasa, hesabu ya kipimo ingebakiza moja. Imebakiza fujo tupu." Mkewe akamkumbatia, nami nikawakumbatia wote wawili, tukaizunguka meza kama kuku waliomwagiwa mtama. Kisha mkewe akafungua kopo la rangi, akachovya brashi. Hapo hapo mwalimu akajitandaza ukutani kama mjusi.

"Baba Bibiharusi, si umeshajua inagawanyika?" mkewe akauliza.

"Nimejua."

"Haya, kwa ngapi?"

Akajikuna nyusi zilizojaa chaki.

"Kipimo hakisemi. Hilo bado sijui."